Maradhi ya Moyo na Maneno Yake Katika Pwani ya Tanga

Ukimwuliza mtu wa pwani ya Tanga, "Je, una huzuni?" aghalabu atajibu, "La, sina." Lakini ukimwuliza, "Mwili waonaje?" habari zitatoka nyingi: kichwa chawaka moto, kifua chabana, moyo waenda mbio, usingizi hauji. Mtu huyu hasemi uongo. Aeleza taabu yake kwa njia aliyoipata kwa watu wake.

Yafaa kwanza kuyatazama maneno. Huzuni, hofu na wasiwasi yametoka katika Kiarabu, na katika lugha ile wasiwasi ni mnong'ono wa Shetani. Basi si ajabu mzee akilisikia neno hilo afikiri dua kabla ya dawa. Madaktari wamechagua neno sonona kuwa jina la ugonjwa wa huzuni ya kudumu, lakini watu wengi husema tu, "Ana mawazo." Wala si sisi peke yetu. Washona wa Zimbabwe husema kufungisisa, yaani kufikiri mno, na neno hilo liliandikwa katika kitabu cha maradhi cha matabibu wa akili wa Marekani mwaka 2013.

Umbo la mwili nalo lina maana yake. Hapa kwetu unene umehesabiwa tangu zamani kuwa dalili ya raha, mtu akikonda, jirani humwuliza, "Una nini?" Hofu hiyo iliongezeka baada ya UKIMWI kujulikana nchini mwaka 1983. Hivyo msichana wa hapa huweza kuona haya kwa wembamba, hali mwenzake wa Ulaya aona haya kwa unene. Lakini desturi hubadilika. Katika visiwa vya Fiji unene ulipendwa vilevile. Televisheni ilifika wilaya ya Nadroga mwaka 1995, na kufika mwaka 1998 wasichana kadhaa wa shule walikiri kujitapisha ili wapungue. Wasichana wetu nao leo hutazama picha za mbali katika simu.

Makosa yetu walimu ni mawili: kudhani kwamba ni maumivu ya mwili tu, au kudhani kwamba ni uvivu na upungufu wa imani. Sisi wenyewe tulipata kumkemea mwanafunzi aliyesinzia darasani. Baadaye tukajua kwamba hakuwa akilala usiku tangu kufiwa na mamaye. Kemeo lile lilimwongezea mzigo.

Basi tuulize kwa maneno ya mtu mwenyewe: walalaje, walaje, mawazo gani yakusumbua? Tena tusiogope kuuliza kama atamani kufa, kwani kuuliza hakumtii mtu nia hiyo, bali humfungulia mlango wa kusema. Na mzigo ukizidi nguvu zetu, tumpeleke hospitali bila kukawia. Lutindi, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, wagonjwa wa akili wametunzwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Kumpeleka mtu huko si aibu kwake, wala kwa jamaa zake.