Mlima wa Familia Nzima: Kutoka Kona Baridi hadi Oltepesi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulikuwa Magadi, tukieleza jinsi magadi yanavyojitengeneza ziwani na reli iliyojengwa kuyafuata. Leo tunarudi nyuma kidogo katika barabara ileile, tusimame Oltepesi. Shule zikifunga, wazazi wa Kitengela, Isinya na Kajiado mjini huuliza swali moja: watoto tuwapeleke wapi, mahali ambapo mkubwa hatachoshwa na mdogo hataumia, na nyanya naye apate pa kukaa?

Jibu langu linaanzia mbali, penye theluji. Katika nchi za milima ya Alps, yaani Ufaransa, Uswisi, Austria na jirani zao, watu huenda milimani wakati wa baridi kuteleza kwa skii. Wenye hoteli za huko waligundua mapema kwamba mzazi hawezi kufurahia mteremko mkali ilhali mtoto wake wa miaka minne analia chini. Basi wakaugawa mlima. Pana mteremko mpole wa wanaoanza, na kando yake mkanda unaojiendesha ardhini humpandisha mtoto juu bila jasho. Pana shule za kuteleza zinazopokea watoto wa miaka mitatu, pana walezi wa wachanga, na pana njia za kutembea kwa asiyetaka kuvaa skii kabisa. Jioni wote hukutana mezani, kila mmoja na habari yake.

Matokeo yake tumeyaona hata sisi Wakenya. Philip Boit alikuwa mwanariadha mtu mzima alipokutana na theluji kwa mara ya kwanza, miaka ya 1990. Kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 alimaliza mbio za kilomita 10 akiwa wa mwisho, na bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Ni tendo ambalo lingali linakumbukwa. Miaka 20 baadaye, Pyeongchang, Kenya iliwakilishwa na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyehamia Austria akiwa mdogo sana. Yeye alishindana katika mashindano ya kushuka mteremko, mchezo ambao ni vigumu sana mtu kuujifunza ukubwani akafika Olimpiki. Alilelewa mahali ambapo mlima una nafasi ya mtoto.

Kwetu hakuna mteremko wa skii. Barafu ya Mlima Kenya inayeyuka mwaka baada ya mwaka, na anayetaka kuteleza bila kutoka Afrika kusini mwa Sahara anaweza kwenda Lesotho, kwenye milima ya Maluti, ambako kituo cha Afriski kiko zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Lakini la kuiga kutoka Alps ni ule utaratibu wa kuupanga mlima kwa umri wa kila mtu. Theluji si lazima. Na kwa mlima wa namna hiyo, Kajiado Magharibi ina utajiri ambao Alps haina.

Kutoka Kitengela unakwenda hadi Isinya, unashika barabara ya Pipeline kuelekea Kiserian, kisha unaingia barabara ya Magadi. Ukipita Kona Baridi, vilima vya Ngong vikiwa nyuma yako, ardhi inaanguka. Pale juu uko karibu mita 2,000 na upepo unakufanya utafute sweta. Ukifika chini, karibu na Oltepesi, umebakiwa na mita 1,000 hivi, na kila mtu garini amevua sweta. Hewa hupata joto kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazoshuka, kwa hiyo safari hii ni somo la jiografia ambalo mtoto hulisikia kwenye ngozi. Hapa chini ndipo ilipo migunga yenye kofia bapa, iliyokipa kituo cha Oltepesi jina lake. Mbele yako umesimama Mlima Olorgesailie, volkano iliyozimika, wenye kilele cha mita 1,760 hivi.

Chini ya mlima huo palikuwa na ziwa. Lilijaa, likakauka, likajaa tena kwa mamia ya maelfu ya miaka. Udongo mweupe unaouona kando ya barabara, mwepesi mkononi na unaochafua nguo, ni maganda ya viumbe vidogo mno vya majini ambavyo vilikufa na kutulia sakafuni mwa ziwa. Majivu ya volkano yalianguka juu yake tabaka kwa tabaka, na majivu hayo ndiyo huwawezesha wataalamu kupima umri wa vilivyofukiwa, kwa sababu madini yaliyomo hubadilika kwa kasi inayojulikana.

Mwanajiolojia John Walter Gregory aliyaona mawe yaliyochongwa hapa mwaka 1919. Mwaka 1942 Mary na Louis Leakey walifika, na Mary akakuta mashoka ya mkono yametapakaa chini kwa wingi usio wa kawaida. Uchimbaji ukaanza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mateka wa Kiitaliano wakiwa miongoni mwa wafanyakazi. Miaka ya 1960 Glynn Isaac aliuendeleza, na tangu 1985 Rick Potts wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani amekuwa akichimba pamoja na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambayo ndiyo yanayopasimamia mahali hapa.

Uamuzi wa busara kuliko yote ni ule wa kuyaacha mashoka mengi palepale yalipokutwa. Hayakupelekwa yote Nairobi kuwekwa ndani ya vioo. Mgeni hupita juu ya daraja la mbao lililoezekwa na kuyatazama chini yake, mamia kwa mamia, yamelala kama yalivyoachwa. Mtoto haelezwi kwamba watu waliishi hapa. Anaona.

Na anachokiona kina hadithi ndefu. Mashoka yalichongwa kwa kugonga jiwe kwa jiwe hadi makali yatokee pande mbili, na mengi yametokana na miamba ya mlima huohuo anaoutazama mbele yake. Kwa zaidi ya miaka nusu milioni, kuanzia karibu miaka milioni 1.2 iliyopita, umbo lake halikubadilika sana. Karibu miaka milioni moja iliyopita, tembo wa jamii iliyotoweka alichinjwa hapa, na mifupa yake ikakutwa imezungukwa na vipande vya mawe makali. Mwaka 2003 kilipatikana kipande cha fuvu, huenda la mmoja wa waliochonga, mtu mzima mwenye umbo dogo, aliyeishi miaka 900,000 hivi iliyopita.

Kisha ardhi ya Bonde la Ufa ikapasuka, ziwa likatoweka, na hali ya hewa ikaanza kuyumba. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha kwamba zaidi ya miaka 300,000 iliyopita wakazi wa hapa walikuwa wameyaacha mashoka makubwa. Walitengeneza zana ndogo, nyingine za jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, lililotoka makumi ya kilomita mbali, na walikuwa na mawe ya rangi nyeusi na nyekundu. Hiyo ni ishara kwamba walijuana na watu wa mbali na kubadilishana nao vitu. Kijana wa kidato cha pili akiisikia habari hii akiwa amesimama juu ya udongo wenyewe, hatahitaji kuikariri.

Kwa hiyo kila umri una fungu lake. Wadogo wana daraja, mifupa na digidigi wanaokatiza vichakani. Wa sekondari wana tabaka za udongo. Wazee wana kivuli cha banda. Vijana wenye miguu wanaweza kuupanda mlima wakiongozwa na mwenyeji Mmaasai, lakini ni kazi ya saa kadhaa juani na haiwafai watoto.

Palipobaki pengo ni kwenye kazi ya mikono. Ningependa sana kuona shimo la mchanga lenye mifupa ya kuigiza, watoto wachimbe kwa brashi na kuandika walichokipata kama wafanyavyo wataalamu. Ningependa mtu awaonyeshe uchongaji wa jiwe, kipande kikiruka na makali yakitokea. Kina mama wa Oltepesi walipwe vizuri kufunza ushanga na kusimulia habari za mlima wao. Hayo hayahitaji mtaji wa hoteli ya Alps. Yanahitaji kaunti, makavazi na wenyeji waketi pamoja, na wenyeji wawe washirika wa mapato tangu mwanzo, kwa sababu ardhi inayouzunguka mlima ni malisho yao.

Ukienda, toka nyumbani alfajiri. Ifikapo saa sita mchana joto ni kali. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, chakula, kofia na viatu vilivyofunika vidole, kwa maana kuna miiba, nge na nyoka. Kaeni na mwelekezi. Na waambie watoto kabla hamjafika kwamba jiwe haliokotwi: Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalilinda, na jiwe likishaondolewa mahali pake, mtafiti hawezi tena kujua lilikuwa la tabaka gani.

Wiki ijayo tutalala hapahapa bandani, tueleze nyota zinazoonekana Oltepesi usiku usio na mwezi na jinsi Wamaasai wanavyozitumia kuhesabu majira.