Wimbi la Maambukizi Linapofika Katika Makao ya Wazee: Hatua za Kuchukua na Umuhimu wa Kuwa na Mtu wa Kuuliza

Tarehe 28 Februari 2020, katika mji wa Kirkland, jimbo la Washington nchini Marekani, mkazi mmoja wa makao ya wazee alithibitika kuwa na virusi vya korona. Kufikia tarehe 18 Machi, kabla hata ya wiki tatu kutimia, watu 167 waliohusiana na makao hayo walikuwa wamethibitika kuambukizwa: wakazi 101, wahudumu 50 na wageni 16. Kati ya wakazi hao 101, 34 walifariki dunia.

Makao ya wazee si hospitali, na wala si nyumba ya kawaida. Wazee huishi humo kwa miezi au miaka. Hula pamoja, hulala wawili wawili chumbani, na wengi wao huogeshwa, huvishwa na kulishwa na mhudumu ambaye dakika chache kabla alikuwa akimhudumia jirani yao. Juu ya uzee wenyewe huwa na kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo au ya mapafu. Ugonjwa unaoenea kwa njia ya hewa ukiingia mahali kama hapo hukuta milango yote iko wazi. Ndiyo maana kufikia mwanzoni mwa mwaka 2022, vifo vya UVIKO-19 miongoni mwa wakazi na wahudumu wa vituo vya matunzo ya muda mrefu nchini Marekani vilikuwa vimepita 200,000.

Makala haya yanaeleza mambo yaliyobainika katika msiba huo: virusi huingiaje, kwa nini huchelewa kutambuliwa, hatua zipi huzuia kuenea kwake, na ni mwongozo wa namna gani uliowasaidia wahudumu pale wimbi lilipokuwa juu. Yanawahusu wahudumu wa afya, na pia kila mwenye mzazi anayetunzwa na mikono ya wengine.

Virusi huingia na nani?

Wachunguzi wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani walipochunguza makao ya eneo lile la Washington, walieleza sababu ambazo hazikuwa na siri yoyote. Wahudumu walifanya kazi huku wakiwa na dalili. Baadhi yao walifanya kazi katika kituo zaidi ya kimoja. Ujuzi wa kujikinga ulikuwa haba, na vifaa kinga pamoja na vitakasa mikono havikutosha. Vipimo vilikuwa vichache, na ugonjwa haukushukiwa mapema.

Ni rahisi kumlaumu mhudumu anayekuja kazini akikohoa. Hata hivyo, yafaa kuuliza kwanza kwa nini alikuja. Kazi ya kuwatunza wazee hulipwa ujira mdogo, na wengi wanaoifanya hawalipwi siku wanapougua. Anayefanya zamu ya asubuhi katika kituo kimoja na ya usiku katika kingine mara nyingi hutafuta kodi ya nyumba na karo ya watoto. Miongoni mwao wamo Waafrika Mashariki wengi, wakiwemo Wakenya waliohamia majimbo kama Minnesota na Massachusetts, na fedha wanazotuma hutunza wazee wengine huku nyumbani.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mtu ambaye kusema "naumwa" kunamnyima mshahara wa wiki mbili amesukumwa kuficha. Mkoa wa British Columbia nchini Kanada ulilitambua jambo hili mapema. Mwishoni mwa Machi 2020 uliagiza kila mhudumu afanye kazi katika kituo kimoja tu, kisha ukasawazisha mishahara ili agizo hilo lisimkoseshe mtu riziki. Hatua hiyo ya pili ndiyo iliyoifanya ya kwanza iwezekane.

Kusubiri dalili ni kuchelewa

Katika makao mengine ya jimbo la Washington, wakazi 76 walipimwa wote, wenye dalili na wasio nazo. Walioonekana kuwa na virusi walikuwa 48. Kati ya hao 48, 27 hawakuwa na dalili yoyote siku waliyopimwa. Wakazi 24 kati ya hao 27 walipata dalili baadaye, na sampuli za wengi wao, zilizochukuliwa kabla hawajaugua, zilikutwa na virusi hai vyenye uwezo wa kuambukiza.

Maana ya takwimu hizi ni nzito. Kituo kinachowatenga wenye homa na kikohozi peke yao hukuta virusi vimekwisha kupita vyumba kadhaa. Kwa hiyo, katika wimbi la ugonjwa wa aina hii, mgonjwa wa kwanza anayeonekana achukuliwe kuwa dalili ya wengine ambao bado hawajaonekana.

Tena mwili wa mzee hauashirii maradhi kama mwili wa kijana. Mzee aweza kuwa na nimonia bila homa kali. Joto la 37.8 likipimwa mdomoni, au ongezeko la nyuzi 1.1 juu ya joto lake la kawaida, latosha kuwa homa kwa mkazi wa makao ya wazee. Ndiyo sababu ni muhimu joto la kila mkazi liandikwe siku anapokuwa mzima. Dalili nyingine ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, kuanguka, kukataa chakula, usingizi usio wa kawaida na udhaifu. Mhudumu anayesema "mzee huyu leo si yule wa jana" ametoa taarifa ya kitabibu, na apaswa kusikilizwa.

Hatua za kwanza

Kituo kikipata mtu mmoja mwenye maambukizi, mambo yafuatayo hufanywa bila kusubiri.

Kwanza, wapimwe wakazi na wahudumu wote, kisha wapimwe tena kila baada ya siku 3 hadi 7, mpaka zipite siku 14 bila mgonjwa mpya. Kipimo cha siku moja hakitoshi, kwa kuwa aliyeambukizwa jana huenda asionekane leo.

Pili, wakazi wagawanywe katika makundi matatu: walioambukizwa, waliokaa karibu nao, na wasioguswa. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumwondoa mgonjwa chumbani na kumpeleka mwenzake aliyebaki akalale na mzee mwingine aliye salama. Mwenzake huyo amekwisha kukaribiana na virusi, hivyo akae peke yake hadi muda wa uangalizi uliowekwa uishe.

Tatu, kila kundi liwe na wahudumu wake. Mhudumu wa wagonjwa asiwahudumie walio salama. Watu wakiwa hawatoshi, aanze kwa walio salama na amalizie kwa wagonjwa, wala asirudi nyuma.

Nne, madirisha yafunguliwe kila inapowezekana, na wanaowahudumia wagonjwa wavae barakoa za N95 zinazobana vizuri usoni. Chumba cha mapumziko cha wahudumu kisisahauliwe, kwa sababu hapo ndipo watu huvua barakoa, hula na kuzungumza kwa karibu.

Tano, walioambukizwa waangaliwe angalau mara 3 kwa siku: joto, upumuaji, mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni kwa kifaa kinachobanwa kidoleni. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 94 kwa mtu ambaye kwa kawaida huwa juu ya hapo, daktari aarifiwe mara moja, hata kama mgonjwa mwenyewe anasema hajambo.

Chanjo ilibadilisha hali. Desemba 2020, wakazi wa vituo vya matunzo ya muda mrefu na wahudumu wa afya walikuwa wa kwanza kupendekezwa kuchanjwa nchini Marekani, na katika miezi iliyofuata maambukizi katika makao hayo yalishuka sana. Hata hivyo, kinga ya wazee hupungua upesi, ndiyo maana dozi za nyongeza zilihitajika, na ndiyo maana hatua zilizotajwa hapo juu hazijapitwa na wakati.

Mwongozo unaosikiliza

Katika miezi ile, nyaraka za maelekezo zilifika kwenye vituo kwa wingi, na nyingine zilibadilishwa kabla hazijasomwa. Waraka una faida yake, lakini haujibu swali.

Tuchukue mfano wa mzee mwenye maradhi ya kusahau. Ameambukizwa, na waraka unasema abaki chumbani. Yeye hakumbuki kwamba anaumwa. Kila baada ya dakika kumi anafungua mlango na kutembea ukumbini, na akizuiwa anapiga kelele. Kumfungia kwa ufunguo ni hatari na ni kumdhulumu. Kumpa dawa za kumlaza huongeza uwezekano wa kuanguka na wa nimonia. Hapo muuguzi wa zamu huhitaji mtu mwenye uzoefu wa kumwambia: mhamishieni chumba cha mwisho wa ukumbi, mpangieni mhudumu mmoja anayemfahamu, mwacheni atembee upande wa wagonjwa, na mtazame kama anatafuta choo, chakula au mtu fulani.

Mfumo wa kutoa ushauri wa namna hiyo ulikuwa umekwisha kujaribiwa. Mwaka 2003, Dkt. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, bingwa wa maradhi ya ini, aliona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakisubiri kwa miezi na kusafiri mwendo mrefu ili kutibiwa. Akaamua kuupeleka ujuzi walipo badala ya kuwaleta wagonjwa mjini. Kila wiki wahudumu wa zahanati za vijijini na za magereza walikutana na mabingwa kwa njia ya video, wakaeleza wagonjwa wao na kushauriana. Mpango huo uliitwa ECHO. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, yaliyohusu wagonjwa 407, yalionesha kuwa asilimia 58.2 ya waliotibiwa katika vituo vya pembeni waliondokana na virusi, na katika kliniki ya chuo kikuu asilimia 57.5. Mgonjwa wa kijijini hakupoteza chochote kwa kutibiwa karibu na kwake.

Mwaka 2020 serikali ya Marekani iliutumia mtindo huo kwa makao ya wazee. Zaidi ya makao 9,000 yalishiriki, kwa vikao vya kila wiki katika wiki 16. Kila kikao kilikuwa na somo fupi, kisha tatizo halisi kutoka katika kituo mojawapo, na wote wakalijadili. Mabingwa walifundisha, lakini nao walijifunza kutoka kwa waliokuwa kando ya vitanda. Muuguzi aliyedhani ni yeye peke yake aliyeshindwa alisikia wenzake wakieleza tatizo lilelile.

Gharama ya upweke

Tarehe 13 Machi 2020 mamlaka za Marekani ziliagiza makao ya wazee yazuie wageni, isipokuwa katika hali maalumu kama mkazi kukaribia kufa. Zuio hilo lililegezwa hatua kwa hatua, na Novemba 2021 wakazi wote wakaruhusiwa kutembelewa wakati wowote. Kuzuia kulikuwa na sababu: katika makao yale ya Kirkland wageni 16 waliambukizwa. Lakini mzee aliyezoea kulishwa na binti yake kila jioni alipungua uzito; aliyekaa kitandani bila kugeuzwa alipata vidonda vya mgandamizo; na wako waliofariki huku ndugu zao wakiwatazama kupitia kioo cha dirisha.

Fundisho lililopatikana ni kwamba ndugu anayemlisha na kumtuliza mzee ni sehemu ya matibabu yake. Wimbi linapokuja, mgonjwa ateuliwe ndugu mmoja, apimwe, apewe barakoa, afundishwe kunawa mikono na kuvaa vifaa kinga, kisha aruhusiwe kuingia. Vilevile mazungumzo kuhusu matakwa ya mzee, kama angependa kupelekwa hospitali au kubaki alipo, yafanyike angali na fahamu zake. Usiku wa dharura si wakati wa kuyaanza.

Wajibu wetu

Huku kwetu makao ya wazee ni machache: yapo ya Nunge huko Kigamboni, na Sebleni na Welezo kule Unguja. Wazee wengi hutunzwa na jamaa majumbani. Hata hivyo, kanuni ni zilezile. Nyumba yenye babu au bibi mgonjwa yaweza kumteua mtu mmoja wa kumhudumia, kufungua madirisha, kumwambia mjukuu mwenye mafua asubiri kwanza, na kuandika joto la mzee angali mzima.

Mwenye mzazi katika kituo chochote cha matunzo ana haki ya kuuliza maswali haya kwa adabu: Mhudumu akiugua, analipwa akibaki nyumbani? Mzazi wangu amekwisha chanjwa? Mgonjwa wa kwanza akipatikana, mtawapima watu wote? Mimi nitaruhusiwa kuingia kwa utaratibu gani? Na ninyi wenyewe mkikwama usiku, mnampigia nani simu?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kituo chenye jibu lake kabla ya wimbi kufika kimekwisha kuanza kuwalinda wazee wake.