Swichi ya Kiti Haifungwi Waya

Mvua za masika zinapokolea kati ya Machi na Mei, nyasi za nchi hii hazina subira. Kiwanja kilichofyekwa wiki jana huwa tayari kimechipuka wiki hii, na hasa ikiwa nyasi zenyewe ni zile za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda zetu za juu lakini zimesafiri hadi Australia, Afrika Kusini na California, ambako wapo wazisifuo kwa ustahimilivu wake na wapo wazilaanio kwa kutosikia dawa wala jembe. Zamani kazi ya kupambana nazo ilikuwa ya fyekeo na mgongo wa kibarua. Siku hizi, katika viwanja vya gofu, hoteli, vyuo vikuu na hata baadhi ya shule zenye uwezo, utaona mashine ambayo mtu huketi juu yake na kuiendesha mfano wa trekta ndogo, ikimaliza kwa asubuhi moja kazi ambayo kundi zima la wafyekaji lingeitolea jasho siku kadhaa.

Sina ugomvi na mashine hizo. Ugomvi wangu ni na namna tunavyomkabidhi mtu ufunguo wake. Taasisi hutumia fedha nyingi kununua chombo, lakini anayekwenda kukiendesha hupewa maelezo ya dakika chache: hapa ni pa kuwashia, hapa ni pa kuongezea mwendo, haya nenda. Kitabu cha maelezo kilichokuja na mashine, tena kwa Kiingereza cha mafundi, hufungiwa katika kabati la ofisi pamoja na risiti, ili kisipotee. Na kweli hakipotei.

Tusisahau ni chombo cha namna gani tunachokizungumzia. Mwingereza Edwin Budding alipobuni mashine ya kwanza ya kukatia nyasi mwaka 1830, ilisukumwa kwa mikono, na hatari yake kubwa ilikuwa kuchubua vidole. Mashine za leo za kazi kubwa huweza kuwa na uzito wa nusu tani na zaidi. Chini ya bamba lake huzunguka visu viwili au vitatu, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa na wanaoweka kanuni huko Marekani ni ncha ya kisu kwenda futi 19,000 kwa dakika, yaani karibu kilomita 350 kwa saa. Jiwe dogo likigongwa na chuma kinachokwenda kasi hiyo huruka mfano wa risasi, na halichagui kati ya dirisha la darasa na jicho la mpita njia.

Katika taasisi moja ambayo sitaitaja kwa jina, niliwahi kusimama kando ya mashine kama hiyo ilipokuwa imeegeshwa chini ya mti, nikamwomba mwendeshaji, kijana mstaarabu, anieleze sehemu zake. Alipoinua kiti niliona waya mwembamba uliounganisha nyuzi mbili za umeme. Nikamuuliza ni wa kazi gani. Akacheka kidogo, akasema, "Mzee, hii swichi ilikuwa inatusumbua. Ukipita kwenye bonde inazima mashine. Msimamizi alisema tuifunge, maana kazi ilikuwa inachelewa."

Msomaji, kisa kizima kimo katika maneno hayo machache. Swichi iliyo chini ya kiti imewekwa makusudi ili izime injini na kusimamisha visu pindi mwendeshaji anapoondoka kitini. Akiteleza akaanguka, mashine haiendelei kumfuata. Akishuka kwa pupa kuondoa nyasi mbichi zilizoziba mdomo wa kutolea, visu havimsubiri kwa chini. Swichi hii ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika chombo kizima, na ndiyo inayofungwa waya kwanza. Mashine iliyofungwa hivyo huonekana nzima, huunguruma vyema, hukata vizuri, na mwendeshaji mpya anayekuja kazini mwezi ujao hana namna ya kujua kwamba mlinzi wake ameondolewa.

Wapo watakaosema kuwa vibarua wenyewe ndio hufanya hivyo kwa uvivu. Huenda baadhi hufanya. Lakini mtu anayepimwa kwa ekari alizomaliza kufikia adhuhuri, na kukemewa injini inapozimika, amefundishwa na mkubwa wake ni kipi kinachothaminiwa. Kama swichi inazima ovyo, dawa yake ni kuitengeneza au kubadilisha ile iliyochakaa, na pengine kumwambia mwendeshaji apunguze mwendo penye mabonde, kwani hata kiti chenyewe kinamwambia hivyo kinapomrusha. Kuikagua hakuhitaji fundi. Mashine ikiwa mahali tambarare, bila mtu karibu, mwendeshaji huiwasha, huzungusha visu, kisha hujiinua kidogo kutoka kitini. Injini isipokufa, hakuna kazi siku hiyo. Vilevile ajaribu kuiwasha visu vikiwa vimeunganishwa; mashine nzima ya akili hukataa kuwaka.

Maandalizi yenyewe huanza kabla ya hapo, na hapa ndipo mtu hutambua mwendeshaji aliyefunzwa. Yeye haanzi na ufunguo. Hutembea kwanza uwanjani kwa miguu akiokota mawe, chupa, vipande vya seng'enge na mabaki ya nyaya, akitia alama kwenye visiki na mashimo ya mifereji ambayo nyasi ndefu zimeyaficha. Hupima upepo wa magurudumu, kwa sababu gurudumu moja likiwa na upepo pungufu huinamisha bamba lote, na lawama ya nyasi zilizokatwa kwa mapigo huishia kwa kisu kisicho na hatia. Bamba lisawazishwe kushoto na kulia mashine ikiwa kwenye sakafu iliyonyooka, na mbele pawe chini kidogo kuliko nyuma, aghalabu kwa milimita tatu hadi sita, au kama kitabu cha mashine hiyo kinavyoelekeza. Mafuta ya injini hutazamwa kabla ya kuwasha. Petroli hutiwa injini ikiwa imepoa, nje ya chumba, na mkebe ukiwa umewekwa ardhini. Kuujaza mkebe wa plastiki ukiwa nyuma ya pikapu ni kukaribisha cheche.

Visu vinataka heshima ya pekee. Anayetaka kuvigusa azime injini, atoe ufunguo, achomoe waya wa plagi, na asiingie chini ya chombo kilichoinuliwa kwa jeki peke yake, maana jeki huinua tu, haina ahadi ya kushikilia. Magogo imara au vigingi vya chuma ndivyo vinavyoshikilia. Kisu kinoleweke sawa pande zote mbili, kisha kitundikwe katikati kwenye msumari. Upande mmoja ukishuka, ule ndio mzito, na unoe tena kidogo. Kisu kisicho na uwiano hutikisa mashine hadi bolti zikalegea, na bolti ya kisu ikilegea, Mungu apishe mbali. Kirudishwapo, mabawa yake yaelekee juu kwenye bamba, na bolti ikazwe kwa kadiri iliyoandikwa, si kwa kadiri ya nguvu za fundi.

Hayo yote hufanyika mahali tambarare. Lakini penye hatari kuu ni mteremko, na nchi yetu haikunyimwa miteremko. Atazame Limuru, au Kericho, au kingo za mabwawa katika viwanja vingi vya gofu. Watengenezaji wengi hutaja digrii 15 kuwa ukomo wa mashine hizi, na baadhi huweka ukomo chini zaidi. Mwendeshaji ataijuaje digrii 15 kwa macho? Hapa ninapendekeza njia ya seremala. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita moja, uweke ncha moja ardhini upande wa juu wa mteremko, uinue ncha ya pili hadi pima-maji ionyeshe umelala sawasawa, kisha upime kutoka ncha hiyo hadi chini. Ikizidi sentimita 27, hapo mashine haina ruhusa. Ni kipimo cha dakika mbili, na kingepaswa kufanywa mara moja katika kila uwanja, ramani ikachorwa, na sehemu zilizokatazwa zikapigwa vigingi vya rangi.

Mashine zinazogeuka papo hapo, zile zinazoendeshwa kwa mikono miwili ya chuma badala ya usukani, zina tabia ya hadaa. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoisukuma, kuielekeza na kuizuia. Yale madogo ya mbele hufuata tu yanakopelekwa. Basi magurudumu ya nyuma yakiteleza kwenye nyasi zenye umande, mwendeshaji amepoteza usukani na breki kwa pigo moja, naye hubaki abiria. Kwa hiyo mtu asikate mteremko wenye unyevu, asigeuke ghafla juu yake, na akae umbali wa upana wa mashine mbili kutoka ukingo wa bwawa, mtaro au ukuta.

Nyuma ya kiti cha mashine nyingi za aina hii pana upinde wa chuma. Wengi hudhani ni pambo, au kizuizi cha matawi, nao huulaza ili wapite chini ya miti. Upinde huo umewekwa ili mashine ikipinduka isimlalie mwendeshaji. Mwaka 1959 Sweden ilianza kudai trekta mpya ziwe na kinga ya namna hiyo, na vifo vya kupinduka vikapungua sana katika miaka iliyofuata. Lakini upinde hufanya kazi pamoja na mshipi, nao mshipi hufanya kazi pamoja na upinde. Upinde ukiwa umesimama, mshipi ufungwe. Upinde ukiwa umelazwa, mshipi usifungwe, kwani hapo utamfunga mtu kwenye kitu kinachomwangukia. Ni sheria ya mistari miwili, lakini nimeona wanaoifuata kinyume kabisa, na hapakuwa na aliyewahi kuwaeleza.

Shuleni kuna hatari nyingine. Watoto huipenda mashine hii kupita kiasi. Huifuata nyuma kama wanavyofuata gari la arusi, na mngurumo wa injini humnyima mwendeshaji sauti zao. Kwa hiyo kurudi nyuma visu vikizunguka ni jambo la kuepukwa, na ikibidi, mtu ageuze kichwa atazame chini na nyuma kabla na wakati wa kurudi. Kumpakata mtoto juu ya mashine ili afurahi ni ukarimu wa hatari. Nyasi za shule zikatwe watoto wakiwa madarasani au Jumamosi, na mdomo wa kutolea nyasi usielekezwe kwenye majengo. Huo mngurumo wenyewe nao unaiba masikio ya mwendeshaji polepole. Kanuni zetu za kelele kazini za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa nane, na vizibo vya masikio si anasa ya wazungu.

Nirudi kwa wenye ufunguo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikuandikwa kwa ajili ya viwanda peke yake; inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, pamoja na uwanja wa gofu na uga wa shule. Inamtaka mwajiri atoe mafunzo, maelezo na usimamizi, na kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Inampa pia mfanyakazi njia ya kusema: akiona hatari kubwa iliyo karibu, aripoti kwa mkubwa wake, na mwajiri asimlazimishe kurudi hapo kabla ya kuiondoa. Ajali ikiua, afisa wa usalama kazini wa eneo hilo aarifiwe katika saa 24. Na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo inataja mapato ya miezi 96 kwa anayekufa au kulemaa kabisa. Mhasibu anayeona swichi mpya ni ghali na apige hesabu ya miezi hiyo.

Ningependa kila bodi ya shule na kila kamati ya klabu ijiulize maswali matatu katika mkutano wake ujao, kabla ya ajenda ya rangi ya lango. Kitabu cha mashine kiko wapi, na ni nani amemfafanulia mwendeshaji kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwake? Nani aliinua kiti mara ya mwisho akatazama chini yake? Na mwendeshaji akisema leo mteremko umelowa, haendi, atapewa kazi nyingine au atapewa barua?

Ama ile sehemu ya mteremko ambayo ubao wa seremala umeikataa, haina haja ya mashine hata kidogo. Watu wawili wenye mafyekeo wanaweza kuitunza. Au ipandwe vichaka vinavyoshika udongo, visivyohitaji kukatwa kila wiki. Mimi nimeona shule moja iliyofungia mbuzi wanne kwenye ukingo kama huo, na nyasi zake zilikuwa fupi kuliko za uwanja wa mpira.