MLIO WA SIKINDE NA WENYE VYOMBO

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamelisikia jina la Sikinde, lakini ni wachache, hasa katika sisi wanafunzi, wawezao kueleza bendi hiyo ilitoka wapi na kwa nini mlio wake ulibadilika. Wazazi wetu wa Mbulu na Hanang waliijua kwa redio tu, maana Dar es Salaam ni mbali. Wakati ule betri zikichoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kumaliza kipindi cha salamu. Basi nitajaribu kueleza niyajuayo.

Jina lenyewe la bendi ni Mlimani Park Orchestra. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, nayo bendi iliichukua kuwa jina la mtindo wake. Ilianza mwaka 1978, Abel Balthazar na wenzake walipotoka katika bendi ya Dar International, aliyokuwamo Marijani Rajabu. Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka, waimbaji wawili wenye sauti zisizofanana hata kidogo, walitoka JUWATA, bendi ya jumuiya ya wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA. Vyombo vilikuwa mali ya shirika la umma la teksi na usafirishaji, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wa kupokea mshahara. Jambo hili la vyombo wasomaji walishike, kwa sababu nitalirudia.

Mlio wa Sikinde wa miaka ile ya kwanza ulipangwa kwa utaratibu. Mwanzo wa wimbo huenda polepole, na mwimbaji husimulia habari yake: barua, talaka, safari, deni. Hapa tarumbeta na saksafoni hujibu tu mwishoni mwa beti. Halafu huja sehemu iitwayo chemko. Mwendo huongezeka, magitaa huanza kusukana, solo moja ikipiga juu, solo ya pili ikiziba nafasi iliyoachwa, ridhimu na besi zikishikilia chini, na waimbaji huitikiana. Sisi huku tusiione sehemu hii kuwa ngeni. Mzee wa Kiiraqw atoapo slufay, watu humwitikia kila kifungu, wala hakuna anayekaa kimya. Tofauti ni kwamba katika chemko hata gitaa huitikia.

Aliyewafundisha kupanga hivyo ni Michael Enoch, aliyekuwa mpiga gitaa wa Dar es Salaam Jazz tangu miaka ya 1960. Wenzake walimwita mwalimu, na mimi naona ndiye aliyekuwa nguzo ya bendi kuliko mwimbaji ye yote. Mwimbaji akiondoka, mpango hubaki.

Nyimbo nyingi zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania. Bendi nzima ilipiga pamoja, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Kutengeneza sahani za santuri kulihitaji kwenda Nairobi, nao mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa mwaka 1983. Kwa hiyo kanda zilibaki redioni, zikapigwa nchi nzima bure.

Mwaka 1983 bendi ilipata mwenye vyombo mwingine, yaani DDC, shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye likaja pigo. Hugo Kisima, mfanyabiashara mwenye Orchestra Safari Sound, aliwachukua wanamuziki sita wa mbele kwa mara moja, wakiwamo Gurumo na Balthazar, wakaanzisha mtindo wa Ndekule. Wengi walidhani Sikinde imekwisha. Haikwisha. Enoch alibaki, Cosmas Chidumule alibaki, na mpango wa chemko ukafundishwa kwa waliokuja. Ndekule yenyewe ndiyo iliyovunjika kabla ya miaka ya 1990, maana mwenye vyombo aliamua kuacha, na mwimbaji hata awe hodari namna gani hawezi kuimba dansi bila gitaa. Gurumo akarudi JUWATA, ambayo sasa huitwa Msondo Ngoma.

Katika miaka ya 1990 kinanda cha umeme kiliingia katika bendi nyingi za mjini kikachukua kazi ya tarumbeta, kwa kuwa mtu mmoja ni nafuu kuliko watatu. Sikinde waliendelea kupuliza. Mwenzangu mmoja wa bweni husema huo ni ukaidi wa wazee. Mimi namwambia asikilize chemko bila tarumbeta, halafu aseme tena.

Na wanamuziki walipata nini? Sheria ya hakimiliki ya sasa ilitungwa mwaka 1999, nyimbo hizo zikiwa zimekwisha pigwa redioni kwa miaka ishirini. Gurumo alistaafu mwaka 2013, baada ya kuimba zaidi ya miaka hamsini, akasema mbele ya watu kwamba hajapata kumiliki gari. Diamond Platnumz, kijana wa bongo fleva, alimnunulia moja mwaka huo huo. Mzee alilitumia miezi michache tu, akafariki tarehe 13 Aprili 2014.