Njia ya chuo inapita Fargo

Mashabiki wa mieleka ya televisheni wanamjua Brock Lesnar kwa ubabe na Kurt Angle kwa medali aliyokuwa akipanda nayo ulingoni. Mieleka iliyowalea wawili hao, hata hivyo, haina kamba wala viti vya kutwangana. Lesnar alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2000 akiichezea Minnesota. Angle alitwaa ubingwa huo mwaka 1990 na 1992, akaongeza dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta 1996.

Ukiufuatilia mfumo uliowatoa watu kama hao, utakutana na jambo la kushangaza kidogo. Kuanzia Novemba hadi karibu na Machi, mwanafunzi wa sekondari wa Marekani hucheza mieleka ya shule, yenye sheria ambazo nje ya nchi hiyo ni nadra kuzikuta. Msimu ukifungwa, anayetaka kufika mbali anaanza upya kwa sheria nyingine: mtindo huru na mtindo wa Kigiriki-Kirumi, ile mieleka ya Olimpiki. Halafu akifika chuoni, kama ni mvulana, anarudi kwenye sheria za shule. Kwa nini basi apoteze kiangazi kizima akijifunza mchezo ambao timu ya chuo haitamchezesha?

Tuanzie kwenye mkeka wenyewe. Mieleka ya shule na vyuo inathamini udhibiti. Ukimwangusha mwenzako ukamkalia, muda unakuhesabia, na chuoni ukimzidi kwa dakika moja nzima unapata pointi. Aliye chini naye hulipwa akichoropoka. Mtindo huru hauna subira hiyo. Mgongo ukielekea mkekani, hata kwa kufumba na kufumbua, mpinzani anavuna pointi mbili. Mambo yakikwama chini, mwamuzi anawainua waanze tena wima. Tofauti ikifika pointi 10, pambano limekwisha.

Ndiyo maana bingwa wa shule anayeingia kiangazi kwa mara ya kwanza huaibika haraka. Amezoea kujinasua kwa kubingirika juu ya bega, mbinu iliyopewa jina la shule ya Granby ya Norfolk, Virginia. Shuleni ingemtoa kifungoni, lakini hapa kila anapobingirika mgongo unaonekana na mwamuzi ananyoosha vidole viwili. Balaa kubwa zaidi ni kifungo cha miguu. Anaangushwa, pointi mbili. Kabla hajavuta pumzi, vifundo vyake vimepishanishwa na kukumbatiwa kwa nguvu kifuani mwa mpinzani, kisha anazungushwa mara moja, mbili, tatu, nne. Kila mzunguko ni pointi mbili. Dakika haijatimia, ubao unasoma 10 kwa 0, na kijana anasimama akitafuta ni wapi alipokosea.

Faida ya kwanza inatokea hapo hapo. Kwa kuwa wanainuliwa kila mara, wachezaji wa kiangazi hutumia muda mwingi wakiwa wima: kupigania mikono, kuvizia mguu, kuangusha na kukataa kuangushwa. Tangu msimu wa 2023/24, kumwangusha mpinzani katika mieleka ya vyuo kunalipa pointi tatu badala ya mbili. Ujuzi wa wima umepanda bei, na kiangazi ndicho shule yake.

Hata hivyo, naona faida kubwa zaidi haihusu mbinu. Inahusu kuonekana.

Kocha wa chuo ana tatizo la kulinganisha. Pennsylvania, New Jersey, Iowa na Ohio zina ushindani mkali kiasi kwamba aliyeshika nafasi ya nne huko anaweza kuwa hatari kuliko bingwa wa jimbo lenye klabu za kuhesabika. Rekodi ya kijana asiyepoteza pambano haisemi amewashinda akina nani. Kila Julai, tatizo hilo hupungua ndani ya ukumbi wa Fargodome, mjini Fargo, North Dakota, ambako mashindano ya taifa ya vijana yamefanyika tangu 1993. Mji wenyewe ni wa tambarare na baridi kali, hakuna anayeupangia safari ya fungate. Lakini kwa wiki hiyo moja mikeka hutandikwa uwanja mzima, kila jimbo linaleta timu yake, na kijana wa jimbo lisilotajwa na mtu anapangiwa bingwa wa Pennsylvania saa tatu asubuhi. Mshindi haondoki na kombe, bali na ngao ya pembe nane inayofanana na kibao cha barabarani cha kuamuru magari yasimame.

Na kalenda nayo inasaidia. Kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, makocha wa daraja la kwanza huruhusiwa kuanza kuwasiliana na mchezaji kuanzia Juni 15, akishamaliza mwaka wa pili kati ya minne ya sekondari. Fargo inafuata wiki chache baadaye, simu zikiwa ndiyo kwanza zimeanza kulia.

Mfano mzuri wa faida hiyo ya kuonekana ni Spencer Lee wa Pennsylvania. Alikuwa ameshatwaa ubingwa wa dunia wa vijana kwa mtindo huru mwaka 2015 na 2016. Mwaka 2017, akicheza na kano ya goti iliyochanika, alipoteza fainali ya jimbo, pambano lake la mwisho la sekondari. Kwa mwingine huo ungekuwa msiba. Makocha wa Chuo Kikuu cha Iowa walikwishajua wanamchukua nani, naye akawaletea mataji ya taifa ya 2018, 2019 na 2021, kisha fedha ya Olimpiki ya Paris 2024.

Tusidanganyane lakini. Kiangazi hakimfundishi mtu kuinuka akiwa amekaliwa, na chuoni asiyejua kuinuka hafiki mbali. Tena ni mlango wenye kiingilio: klabu, kadi ya uanachama, nauli na hoteli hutoka kwa wazazi. Nao mlango wa pili, wa chuo chenyewe, unazidi kubana. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili wa watu 9.9 tu, uliokatwakatwa vipande. Tangu 2025/26, vyuo vilivyoingia katika mfumo mpya wa malipo vinaweza kuwafadhili wote, ila timu haizidi watu 30. Aliyezoea kuingia kwa kujilipia akisubiri bahati ndiye anayebaki nje.

Kwa wasichana hesabu ni nyingine kabisa, na nashangaa haisemwi vya kutosha: mieleka ya wanawake vyuoni huchezwa kwa mtindo huru wenyewe. Anachojifunza Julai ndicho atakachochezea chuoni. Tamyra Mensah-Stock, binti wa baba kutoka Ghana, alikulia Texas, akapitia chuo cha Wayland Baptist, na katika Olimpiki ya Tokyo alitwaa dhahabu kwa kumshinda Blessing Oborududu wa Nigeria. Januari 2025 NCAA ilipitisha ubingwa rasmi wa wanawake, na michuano ya kwanza ikapangiwa Coralville, Iowa, mwaka 2026. Coralville na jirani yake Iowa City ni makazi ya Wakongo wengi. Binti wa familia hizo anayesoma huko ana ukumbi wa michuano ya taifa na timu ya Iowa karibu na kwake. Ila ili makocha wampime mbele ya wenzake wa nchi nzima, bado atahitaji nauli ya zaidi ya kilomita 800 hadi Fargo.