KATIBU WA CHAMA NA MABADILIKO YA KAZI

Chama cha msingi huishi kwa mambo mawili: mazao ya wanachama na imani ya wanachama. Mazao hupimwa kwa mizani. Imani hupimwa kwa daftari. Kwa sababu hiyo, kila inapobadilika namna ya kupima mazao au ya kuandika hesabu, katibu ndiye wa kwanza kuguswa, na wanachama ndio wa kwanza kuuliza maswali.

Mabadiliko si mageni katika ushirika wa Tanzania. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na ununuzi wa mazao ukakabidhiwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, nazo sheria za mwaka 1991, 2003 na 2013 zikaweka taratibu nyingine. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005, na katika msimu wa 2007/2008 utaratibu wake ukaanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara. Pale ambapo mkulima alimwuzia mnunuzi mzigo wake moja kwa moja, chini ya utaratibu huu mzigo hukusanywa na chama, hupelekwa ghala kuu, huuzwa kwa mnada, na malipo hupitia benki. Tena imeingia mizani ya kidijitali, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeleta mfumo wa kompyuta wa kusimamia vyama, ujulikanao kwa kifupi kama MUVU.

Katibu aliyezoea leja na kalamu ana haki ya kuuliza: je, kazi yake ingali yake?

Kinachobadilika na kisichobadilika

Jibu ni kwamba kilichobadilika ni chombo, si wajibu. Mambo manne hayana budi kufanywa kama yalivyofanywa tangu zamani: mzigo upimwe mbele ya mwenyewe, uzito uandikwe papo hapo, mwanachama apewe hati yake, na jioni jumla ya hati ilinganishwe na mzigo uliomo ghalani. Kompyuta hujumlisha upesi, lakini haijui kama kilichoandikwa ni kweli. Ikipewa uongo, itaujumlisha uongo huo bila kukosea hata senti moja.

Tuseme mwanachama ameleta kilo 312, na karani akaandika 213. Kilo 99 zimepotea. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,500 kwa kilo, mwanachama huyo amepoteza shilingi 247,500, na mashine haitapiga kelele. Lakini katibu mzoefu ana silaha yake. Aonapo jumla mbili zimetofautiana, huigawa tofauti hiyo kwa 9. Ikigawanyika bila baki, hushuku kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, naye hutafuta hati ya namna hiyo. Hapa 99 kugawa kwa 9 ni 11 kamili. Ujuzi huo wa leja haukuzeeka; ndio unaoifanya kompyuta iwe na faida.

Hatari iliyo kubwa

Hatari kubwa si kutojua kompyuta, maana lisilojulikana hufundishika. Hatari kubwa ni aibu ya kutojua. Katibu anayeona haya kuuliza humwita kijana anayeijua mashine, humpa neno lake la siri, naye hurudi kwenye kiti chake kuweka sahihi. Siku za kwanza kazi huenda vizuri. Baada ya muda kijana ndiye anayeandika mizigo, ndiye anayebadilisha namba za akaunti za wanachama, na ndiye pekee anayejua kilichofanyika. Akikosea, au tamaa ikimwingia, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina la katibu.

Yafaa ieleweke kwamba neno la siri ni sawa na mhuri wa chama na ufunguo wa kasha. Hakuna katibu mwenye akili timamu ampaye mtu mwingine mhuri aende nao nyumbani. Kijana na afundishe, lakini mkono uandikao kwa jina la katibu uwe wa katibu mwenyewe. Kila mtumishi awe na neno lake, na anayeandika mizigo asiwe yuleyule anayeidhinisha malipo.

Hatua za kufuata

Kwanza, katibu ajifunze kidogo kidogo, kazi moja kwa wakati mmoja: leo kuingiza jina la mwanachama, kesho kuandika mzigo, keshokutwa kutoa taarifa. Wakati mzuri wa kujifunza ni kabla ya msimu, siyo siku ambayo foleni ya magunia imefika barabarani.

Pili, daftari la zamani lisitupwe. Kwa msimu mmoja viandikwe vyote viwili, daftari na mfumo, na kila jioni jumla zake zilinganishwe. Kazi itazidi, lakini kila kosa litaonekana siku ileile lilipozaliwa. Tena umeme ukikatika, chama hakitasimama.

Tatu, mizani mpya ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kabla ya kutumika, na alama ya uhakiki ionekane. Kila asubuhi ipimwe kwa jiwe la mizani lenye uzito unaojulikana, wanachama wakitazama.

Nne, kabla ya malipo kupelekwa benki, kila mwanachama asomewe jina lake na namba ya akaunti yake, naye athibitishe. Tarakimu moja ikikosewa, jasho la mwaka mzima laweza kukwama, au kuingia mfukoni mwa mtu mwingine.

Wanachama nao

Mabadiliko hayamhusu katibu peke yake. Mzee aliyezoea kuona mshale wa mizani ukitembea, sasa anaonyeshwa tarakimu zinazowaka. Akinung'unika, asidharauliwe. Manung'uniko yake ndiyo ukaguzi wa kwanza wa chama. Katibu na amweleze kwa lugha yake, amwonyeshe mizani ikiwa tupu inasoma sifuri, kisha amkabidhi hati yake mkononi. Mwanachama naye ana wajibu wa kuitunza hati hiyo hadi atakapolipwa, na wa kuuliza katika mkutano mkuu makato yote yaliyotolewa katika bei yake. Chama ambacho wanachama wake hawaulizi hakilindwi na mashine yoyote.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari laweza kuwa la karatasi, laweza kuwa la kompyuta. Lililo la lazima ni kwamba liwepo, liwe la kweli, na mwenye mali aweze kulisoma. Katibu alishikaye hilo, akakubali kuwa mwanafunzi tena hata kama mvi zimeanza, hatafukuzwa na mashine. Jioni ambazo alizimaliza akijumlisha kurasa chini ya taa atazipata kwa kazi ambayo mashine haiwezi: kwenda ghalani kuhesabu magunia, na kukaa na wanachama kuwaeleza hesabu ya mali yao.