Kuhamisha Vyombo vya Nyumba Safari ya Mbali

Mtu akiwa amekaa mjini miaka thelathini, vyombo vyake huwa vimeongezeka pasipo yeye kutambua. Alikuja na sanduku moja. Sasa ana vitanda vitatu, makochi, kabati, meza, jokofu na masufuria yasiyohesabika. Siku ya kurudi kwao inapowadia, ndipo anapoona kwamba kuhama ni kazi yenye gharama kubwa kuliko alivyodhani.

Katika nchi ya Kenya mtumishi wa Serikali hustaafu atimizapo miaka 60. Kabla ya mwaka 2009 ilikuwa miaka 55. Wengi waliofanya kazi Nairobi au Mombasa hujenga nyumba kwao, huko Kitale, Kakamega, Kisii au Meru, na fedha wanazopokea mwishoni mwa kazi ndizo mbegu ya maisha mapya. Ni jambo la kusikitisha kuona fungu la fedha hizo likiishia katika nauli ya lori kabla hata ya kununua mbolea au bati la kumalizia nyumba. Jambo hili huwapata pia walimu wanaohamishwa shule na vijana wanaopata kazi mbali. Basi yafaa kila mwenye nyumba aelewe mapema jinsi gharama hii inavyopatikana, na jinsi ya kuipunguza.

NAULI HULIPIA NINI

Watu wengi hudhani kwamba nauli ya lori hulipia uzito wa mizigo. Sivyo ilivyo kwa vyombo vya nyumba. Makochi na magodoro ni mepesi, lakini huchukua nafasi kubwa. Lori hujaa vyombo hivyo kabla ya kufikia hata nusu ya uzito linaoweza kuchukua. Kwa hiyo anachonunua mwenye kuhama ni nafasi, wala si uzito.

Tena ananunua safari mbili. Kutoka Nairobi hadi Kitale ni mwendo wa kilomita 380 hivi. Mwenye lori akikodiwa kupeleka vyombo huko, naye hana mzigo wa kurudi nao, hapana budi ahesabu mafuta, posho ya dereva na uchakavu wa magurudumu kwa kilomita 760. Hatamwambia mteja kwamba anamlipisha safari ya kurudi, lakini imo ndani ya bei.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa jambo hili. Lori la bei nafuu ni lile ambalo lingekwenda huko hata kama mtu huyu asingehama.

LORI LINALORUDI TUPU

Kila usiku malori huingia Nairobi yakiwa yamejaa mahindi kutoka Trans Nzoia na Uasin Gishu, viazi kutoka Nyandarua, na ndizi kutoka Kisii. Yakishusha mizigo yake katika masoko kama Marikiti au katika vinu vya unga, mengi hayana mzigo wa kutosha wa kurudi nao. Dereva wa lori la namna hii hupendelea kupata nusu ya nauli kuliko kurudi na turubai peke yake. Mwenye kuhama aliye na subira ya siku mbili tatu huweza kupatana naye kwa bei iliyo chini sana ya ile ya lori linalokodiwa makusudi.

Mavuno ya mahindi katika nyanda za juu za Bonde la Ufa huanza mwezi wa Oktoba na kuendelea hata mwisho wa mwaka. Katika miezi hiyo malori ya mahindi huwa mengi, na kupata la kurudi nalo si kazi ngumu.

Huko Mombasa hali ina pande mbili. Mizigo inayoshuka bandarini kwenda bara ni mingi kuliko inayoletwa kusafirishwa ng'ambo; kwa sababu hiyo malori makubwa hupanda bara yakiwa yamejaa, na mengi hurudi pwani matupu. Anayehamia Mombasa kutoka Nairobi ana bahati. Lakini anayetoka Mombasa kwenda bara asikate tamaa. Malori yanayoleta viazi, kabeji na vitunguu katika soko la Kongowea hurudi bara yakitafuta mzigo, naye aende akaulize huko asubuhi mapema yanaposhusha.

Tahadhari moja yahitajiwa. Lori lililobeba vitunguu au samaki huacha harufu isiyotoka katika godoro kwa wiki nyingi. Lifagiliwe, lioshwe na kukauka kwanza, kisha sakafu itandikwe maturubai makavu au makatoni.

GARI LA MOSHI NA MABASI

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Kwa miaka mingi watumishi walipohamishwa walipakia vyombo vyao katika behewa. Reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, nayo huchukua makontena mengi kila siku. Hata hivyo kwa familia moja yenye vyumba viwili, njia hii si rahisi kama inavyoonekana. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi, nayo ni zaidi ya mahitaji ya familia hiyo. Tena stesheni haiko mlangoni pa mtu. Ile ya Mombasa iko Miritini na ile ya Nairobi iko Syokimau. Mzigo wowote utahitaji gari jingine mwanzoni na jingine mwishoni, na kila kupakia na kupakua ni gharama na ni nafasi ya kuvunjika.

Mabasi ya usiku ni msaada mkubwa kwa vitu vidogo. Nguo, vitabu, vyombo vya jikoni na cherehani iliyofungwa vizuri huweza kutumwa kama vifurushi, vikapokewa kesho yake. Nauli huwekwa kwa kila kifurushi, kwa hiyo magunia machache makubwa yaliyoshindiliwa ni bora kuliko mifuko mingi midogo. Kijana mwenye kitanda kimoja, godoro na masanduku mawili hana haja ya lori hata kidogo. Lakini mtungi wa gesi usipakiwe kamwe katika basi la abiria.

KIPI KICHUKULIWE, KIPI KIACHWE

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kupunguza mzigo. Hapa ndipo ugomvi wa nyumbani huanza, maana kila kitu kina historia yake, na watu huogopa kusemwa kijijini kwamba fulani amerudi mikono mitupu. Ni heri hesabu iamue kuliko aibu.

Chukua mfano wa lori dogo ambalo sehemu yake ya mizigo ina urefu wa futi 14, upana wa futi 6, na mizigo hupangwa kimo cha futi 6. Nafasi yake yote ni futi za ujazo 504. Kochi la watu watatu lenye urefu wa futi 7, upana wa futi 3 na kimo cha futi 3 huchukua futi 63, yaani sehemu moja katika nane ya lori zima. Makochi mawili ya mtu mmoja mmoja, kila moja futi 3 kila upande, huongeza futi 54. Jumla ni futi 117, karibu robo ya lori.

Ikiwa nauli ya lori zima ni shilingi 40,000, makochi hayo peke yake yamekula zaidi ya shilingi 9,000. Sasa tuchukue kwamba mnunuzi wa mjini atatoa shilingi 12,000 kwa makochi hayo. Anayeyauza ana shilingi 21,000 mkononi. Fundi seremala wa kule aendako akitaka shilingi 18,000 kwa makochi mengine mazuri, kuyabeba ya zamani ni hasara. Akitaka shilingi 35,000, basi yabebwe. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mtu aulize za kwake, lakini njia ya kupiga hesabu ni hiyo hiyo.

Jambo moja lisisahauliwe. Kuuza kochi huokoa nauli iwapo tu mzigo uliobaki utaingia katika lori dogo zaidi, au iwapo nafasi iliyoachwa italipiwa na familia nyingine inayokwenda njia hiyo hiyo. Aliyekodi lori zima kisha akaliacha robo tupu hakuokoa hata senti. Kwa hiyo familia mbili zinazokwenda upande mmoja na ziungane, lakini kila moja itie alama ya rangi yake juu ya vyombo vyake.

Vifaa vya kazi ndivyo vya kutangulia katika orodha: cherehani, misumeno ya seremala, vyombo vya fundi wa pikipiki. Hivyo huanza kuleta fedha siku ya pili baada ya kufika. Kuku na mbuzi wana taratibu zao. Mifugo haihamishwi kutoka kaunti hadi kaunti pasipo kibali cha afisa wa mifugo.

MAPATANO YAANDIKWE

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kupakia, na iandikwe orodha ya kila kitu, nakala mbili, dereva atie sahihi moja. Iandikwe pia namba ya gari, jina la dereva na namba ya kitambulisho chake, bei waliyopatana, na kama bei hiyo imo pamoja na ujira wa wapakiaji wa pande zote mbili.

Dereva aambiwe ukweli kuhusu mwisho wa safari. Wengi husema "nyumba iko karibu na soko," kumbe ni kilomita tisa za barabara ya udongo na daraja la magogo. Lori likifika na mvua imenyesha, dereva hushusha vyombo sokoni na kwenda zake. Hapo mwenye mali hukodi mikokoteni ya punda kwa bei yoyote anayotajiwa, huku makochi yakilowa.

Fedha zisitolewe zote mwanzoni. Sehemu ya kununua mafuta yatosha siku ya kupakia, na iliyobaki ilipwe vyombo vikisha kushushwa na kuhesabiwa. Kulipa kwa M-Pesa ni vizuri kwa kuwa ujumbe hubaki kuwa ushahidi. Dalali anayetaka malipo yote kabla lori halijaonekana na aachwe.

Tena ni lazima ifahamike kwamba bima ambayo sheria hulazimisha kila gari kuwa nayo huwahusu watu wanaoumizwa barabarani, haihusu kabati lililovunjika wala jokofu lililoanguka. Mwenye mali ya thamani aulize kama mwenye lori ana bima ya mizigo iliyo safarini, aonyeshwe karatasi yake. Kama hana, vitu vya thamani kubwa visafiri kwa njia nyingine.

KUFUNGASHA NA MAJIRA

Vitanda na makabati yafunguliwe, na misumari na skrubu zitiwe katika mfuko mmoja uliofungwa kwenye ubao wake. Masufuria yaingie moja ndani ya jingine, na nguo zijazwe kati ya sahani badala ya kununua vifungashio. Jokofu lisimame wima safari nzima; likilazimika kulazwa, lisiwashwe mara lifikapo, bali lisimamishwe saa nyingi kwanza ili mafuta ya mashine yarudi mahali pake. Hati ya shamba, vyeti vya shule na vitambulisho visipande lori. Vikae katika mkoba wa mwenyewe.

Kuhusu majira, mwisho wa mwezi ni wakati mbaya, maana wapangaji wengi wa mjini huhama siku hizo na bei za magari hupanda. Siku za kabla ya Krismasi nazo ni ghali. Mvua za masika huanza Machi hadi Mei, na barabara za udongo huwa matope. Mwezi wa Januari na wa Februari, katikati ya mwezi, ni wakati mzuri kwa wengi. Hata hivyo anayepita Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, achukue turubai zima lisilo na tundu mwezi wowote.

Anayeanza mipango miezi miwili mbele hupata nafasi ya kuuza kwa bei nzuri, kuuliza madereva watatu au wanne, na kungoja lori linalorudi. Anayeanza wiki moja mbele huuza kwa bei ya kutupa na kukodi kwa bei ya shida. Tofauti kati ya watu hawa wawili yaweza kuwa gunia kadhaa za mbolea, au karo ya muhula mmoja. Nyumba mpya huhitaji fedha hizo kuliko kochi kuukuu.